Saa Tisa na Nusu Alasiri

Mume wangu alipohamishiwa Tabora kufundisha, nilimwambia nitamfuata baada ya wiki tatu. Sikuwa namdanganya. Nilichosubiri ni kupata mtu wa kumkabidhi programu ya lango la godauni, nifunge mizigo yangu, nipande treni. Wiki tatu zikawa miezi, miezi ikazidi mwaka, na kila nilipoanza kukunja nguo simu iliita kutoka godaunini Vingunguti.

Godauni lilikuwa la familia ya Kihindi, Mashia wa mjini, wauza viungo tangu enzi za babu yao. Ndani walifanya kazi wanawake thelathini na kitu, wakichambua na kufungasha iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga. Iliki ni kitu kidogo chenye bei kubwa; inaingia kwenye soksi, inaingia kwenye pindo la kanga. Bosi akaweka lango la chuma lenye kufuli la sumaku, linaloendeshwa na kompyuta. Lilijifunga asubuhi watu wakishaingia, likafunguka saa saba mchana kwa chakula, likafunguka tena saa kumi na moja jioni watu warudi makwao. Mimi ndiye niliyeajiriwa kuandika programu hiyo. Nilikuwa peke yangu, sina wa kushauriana naye.

Ugumu wote ulikuwa kwenye saa. Sisi tunaoandika programu hatuandiki kila kitu wenyewe. Tunachukua vipande vilivyokwisha kuandikwa na wengine, tunaviita maktaba, tunaunga vya kwetu juu yake. Ipo maktaba ya tarehe na saa: unaipa maandishi ya mtu, inakurudishia muda ambao kompyuta inauelewa. Ila walioiandika ni watu ambao saa zao zinaanza kuhesabiwa katikati ya usiku. Kwetu zinaanza jua likichomoza. Ukiipa saa mbili, yenyewe inajua ni usiku wa manane, wakati wewe unazungumzia watu walio njiani kwenda kazini.

Msimamizi wa godauni, mzee wa Kitanga aliyekuwa akipanga saa hizo kila wiki, alikataa kabisa kuandika kwa namna ya maktaba.

"Mie niandike saa kumi na saba?" aliniuliza. "Dada, saa kumi na saba umeisikia wapi?"

Nikaandika kipande changu mwenyewe. Kilisoma namba, kikasoma neno lililofuata: likiwa asubuhi, mchana au jioni, kiliongeza saa sita, likiwa usiku, kilikuwa na hesabu yake. Mzee aliandika "saa 11 jioni," lango likafunguka saa kumi na moja jioni. Aliridhika, akawa ananiita fundi.

Mwanzoni, programu ikikutana na neno isilolijua ilisimama na kutoa kelele. Mtu akikosea herufi moja, akaandika "jion," kila kitu kilikwama na mimi nikapigiwa simu. Nilipigiwa nikiwa kanisani Pugu, nikatoka katikati ya mahubiri. Nilipigiwa nikiwa nimepanga foleni ya hospitali na kadi mkononi. Siku moja nilipigiwa nikiwa stesheni na begi langu, nikarudi nalo. Jioni ile, kwa hasira, niliongeza mstari mmoja: neno likiwa geni, liache, peleka namba peke yake kwenye maktaba, endelea kimya kimya. Simu zikapungua, nami nikalala vizuri. Sikumwambia mtu yeyote.

Siku ninayoikumbuka ilikuwa ya kwanza ya Ramadhani. Bosi alikuwa ameamua kwamba mwezi ule wote kazi iishe mapema, saa tisa na nusu, ili wanawake wapate muda wa kufika nyumbani na kupika futari. Mapumziko ya chakula yaliondolewa, maana wengi walikuwa wamefunga. Asubuhi lango lilijifunga kama kawaida, kazi ikaanza; ilipofika saa nne msimamizi akaingiza saa mpya mwenyewe.

Mimi niliingia ndani saa nane, kwa mlango mdogo wa ofisini ambao karani aliufunga nyuma yangu. Niliitiwa mashine ya lebo; ilikuwa ikitanguliza mwezi mbele ya siku, hivyo pakiti za mdalasini zilionekana kama zimeshapitwa na tarehe kabla hazijatoka. Simu na begi niliviacha ofisini; ilikuwa sheria, hakuna anayeingia na simu. Karani, dada mmoja wa Buguruni, aliniambia anaondoka saa nane na nusu na atafunga ofisi. Nilimwambia asijali, nitatokea langoni na wengine.

Saa tisa na nusu wanawake walikuwa wameshanawa, wamevaa mabaibui na kanga zao, wamepanga mstari mbele ya lango. Lango halikufunguka. Tulisubiri dakika tano. Msimamizi akasukuma kwa kiganja, akasukuma kwa bega.

"Limelala," akasema mmoja, wengine wakacheka.

Ilipofika saa kumi hakuna aliyecheka tena. Nilimvuta msimamizi kando.

"Mzee, asubuhi uliandikaje?"

"Kama ulivyonifundisha. Saa tisa na nusu alasiri."

"Alasiri?"

"Alasiri. Sasa saa tisa na nusu ni nini kama si alasiri?"

Mimi nimekulia Njombe. Kwetu saa tisa na nusu ni mchana tu, na jua likianza kuinama ni jioni. Alasiri nilikuwa nikiisikia redioni na kwa majirani wanaokwenda kuswali, lakini haikuwa kinywani mwangu, na wakati naandika orodha ya maneno haikunijia. Nikaona mpaka mwisho kilichotokea. Programu ililiona neno geni, ikaliacha, kama nilivyoiagiza. Ikapeleka 9:30 tupu kwenye maktaba. Maktaba ikaisoma kwa saa zake, asubuhi, saa tatu na nusu yetu. Na kwa kuwa mzee alipoandika muda huo ulikuwa umeshapita, lango lilikuwa likisubiri kesho.

"Tatizo nini?" mzee akaniuliza.

"Ngoja niangalie," nikasema. Wala hapakuwa na cha kuangalia. Kompyuta ilikuwa upande wa pili, nyuma ya mlango uliofungwa.

Pale langoni kulikuwa na kitufe chekundu cha dharura. Wanawake walikibonyeza zamu kwa zamu. Nilijua hakifanyi kazi. Miezi kadhaa nyuma bosi alikuta watu wanakibonyeza ili watoke kuvuta sigara, akamwita fundi umeme akakata waya, nami nilikuwepo, nikanyamaza. Mlinzi, aliyekuwa nje, alizima umeme kwenye swichi kubwa. Feni zikasimama, taa zikazimika, lango likabaki limeng'ang'ania, kwa sababu lilikuwa na betri yake. Betri hiyo niliiomba mimi. Nilimwandikia bosi barua ya kurasa mbili kumweleza umuhimu wake.

"Washa umeme!" nikampigia kelele mlinzi kupitia upenyo. "Betri inakaa mpaka asubuhi!"

Akawasha, lakini feni mbili hazikurudi. Alimpigia bosi, mwenye ufunguo wa pekee wa akiba wa ofisi na ule mlango mdogo. Simu ikaita mpaka ikakata. Akampigia karani, haipatikani. Mwishowe alimwomba muuza maji wa jirani alinde geti la nje, akapanda bodaboda kwenda Buguruni kumtafuta karani, bila kujua nyumba yake ni ipi.

Tukabaki. Bati la godauni lilikuwa limekusanya jua la siku nzima. Vumbi la pilipili, ambalo feni huwa zinalisukuma nje, lilishuka taratibu likatua kwenye macho na koo. Waliofunga walitema mate kwenye vitambaa. Upepo ulipogeuka ukaleta harufu ya machinjioni, na mwanamke mmoja akaziba pua kwa kanga akakaa chini kabisa, kichwa katikati ya magoti. Mimi nilitembea kutoka lango mpaka ukuta, ukuta mpaka lango. Dirisha lilikuwa juu, lina nondo. Nondo zile nilikuwa nimezipita mara nyingi na sikuwahi kuziangalia.

Lawama zilianza kidogo kidogo, na zikamwangukia msimamizi.

"Huyu mzee macho hayaoni, kabonyeza anavyojua yeye."

"Si wampe kijana hiyo kazi? Anaing'ang'ania yeye tu."

"Mie mwanangu yuko kwa jirani tangu alfajiri. Mwambieni mzee aende akamnyonyeshe yeye."

Aliyesema hivyo alikuwa amesimama karibu na lango, mikono ameikunja kifuani. Alikuwa na mtoto wa miezi minne. Maziwa yalikuwa yamemlowesha, doa limeshuka mpaka tumboni, na alikuwa akijifunika kwa ncha ya kanga ambayo nayo ilikuwa imelowa. Msimamizi aliketi juu ya gunia, kofia mkononi. Mara moja tu alisema, kwa sauti ndogo, "Niliandika vizuri." Wakamzomea.

Nami nilikuwa pale pale, hatua tatu kutoka kwake, nimenyamaza. Nilijiambia kwamba kueleza hakutafungua lango. Nilijiambia watanielewa vibaya, kwamba mambo ya programu ni marefu. Ukweli ni kwamba niliogopa. Mle ndani hapakuwa na pa kukimbilia, na macho ya wale thelathini yakinigeukia ningekaa nayo uso kwa uso mpaka lango lifunguke. Nikamwacha mzee akae nayo badala yangu. Hilo lilichukua karibu saa nzima.

Yule mama wa mtoto ndiye aliyenivunja. Alianza kujikamua penye bomba la maji, amegeuzia watu mgongo, na mabega yake yakawa yanatikisika.

"Si yeye," nikasema.

Hakuna aliyesikia. Nikapanda juu ya mzani wa magunia.

"Si mzee aliyekosea! Ni mimi. Aliandika alasiri. Mimi nilipotengeneza hii programu sikuiweka alasiri. Haijui hilo neno. Imeliruka, ikadhani ni saa tatu na nusu asubuhi, sasa inasubiri kesho."

Kisha mama mmoja mtu mzima, kiongozi wa meza ya iliki, mkazi wa Mbagala ambaye kila mtu alimwamkia shikamoo, akanisogelea.

"Dada, kwenu wapi?"

"Njombe, mama."

"Na Njombe hakuna alasiri?"

"Ipo, mama. Ila tunasema mchana tu."

Akawageukia wenzake. "Mmesikia? Sie leo tumefungiwa na Kiswahili cha Njombe."

Kuna waliocheka. Kuna aliyesonya kwa nguvu. Mmoja alinitukana tusi ambalo sitaliandika, na nililistahili. Yule mama mtu mzima hakucheka. Aliniuliza kesho nitakosa neno gani lingine, nikamwambia sijui, ndiyo shida yenyewe, sijui nisichokijua. Akachukua kalamu ya wino mzito ya kuandikia maboksi, akanikalisha pale pale kwenye mzani, akaniwekea kipande cha katoni mapajani.

"Andika basi. Alfajiri unayo?"

"Hapana."

"Adhuhuri?"

"Hapana."

"Magharibi? Asubuhi na mapema? Jua la utosi? Usiku mkubwa?"

Wengine wakasogea. Mmoja wa Kigoma akatoa neno lake, mwingine akabisha kwamba hilo si Kiswahili, wakabishana. Niliandika yote, kisha nikahamia upande wa pili wa katoni. Wino ulinichafua mpaka kiwikoni. Haikuwa njia ya kutoka, lakini ilikuwa kazi, na kwa dakika kadhaa kuta zile zilirudi nyuma kidogo. Msimamizi hakusogea kutoka kwenye gunia lake.

Jua lilizama tukiwa bado ndani. Tulijua kwa rangi ya dirisha, halafu adhana ya msikiti wa karibu ikaingia juu ya bati. Mikoba yao yote, na tende zilizokuwamo, ilikuwa kwenye makabati ya nje. Wanawake waliofunga walijipanga kwenye bomba lile moja. Hapakuwa na kikombe. Walikinga maji kwa kikopo cha plastiki cha kupimia karafuu, wakapokezana, kila mmoja akisema bismillahi na kufungua saumu yake kwa maji yenye ladha ya karafuu. Mama wa meza ya iliki alikijaza, akampelekea msimamizi pale alipokaa. Mzee akakipokea kwa mikono miwili. Kisha kikopo kilinifikia mimi, ambaye sikufunga na nilikuwa nimekula wali wangu saa saba. Nilikipitisha kwa aliyefuata bila kuonja.

Dakika chache baadaye tulisikia bodaboda. Mlinzi alikuwa amemkuta karani saluni, nusu ya nywele zimesukwa na nusu zimesimama, ndivyo alivyokuja. Alifungua ofisi, lakini ufunguo wa ule mlango mdogo alikuwa ameuacha kwake kwenye mkoba mwingine, na aliposema hivyo nje nilisikia wanawake wanaguna kwa pamoja. Nikamwambia alete simu yangu tu. Akaisukuma chini ya lango.

Hapakuwa na sehemu ya kubonyeza kufungua. Bosi hakuitaka, alihofia mtu atafungua akiwa barabarani. Ilibidi nilipe lango saa nyingine. Nilifungua ukurasa wa programu kwenye simu nikaona mstari wa mzee, umeandikwa vizuri kama alivyosema, herufi zote mahali pake: saa 9:30 alasiri. Chini yake, kwa maandishi madogo ambayo mimi mwenyewe niliyaweka na hakuna aliyekuwa akiyasoma, ilikuwa imeandikwa: litafunguka kesho. Nilifuta. Nikatazama saa, nikaongeza dakika mbili, nikaandika saa 12:47 jioni.

Dakika mbili zikapita. Kufuli likalia, tak, na lango likajiachia lenyewe kidogo, kama mtu anayeshusha pumzi. Yule mama wa mtoto alipita wa kwanza, akakimbia viatu mkononi. Mlinzi akampakia kwenye bodaboda ile ile iliyomleta karani.

Asubuhi yake bosi alituita ofisini, mimi na msimamizi. Alikuwa mtu wa sauti ya chini.

"Jana nilikuwa nyumbani nasubiri kufuturu," alisema. "Sisi tunasubiri wekundu wa mbinguni uishe, tunachelewa kidogo kuliko wenzetu. Simu nilikuwa nimeigeuza kifudifudi tangu alasiri. Nilipoigeuza nikakuta nimetafutwa mara kumi na moja." Akatutazama. "Nani kakosea?"

Msimamizi alitazama sakafu. Nikaeleza yote safari hii, hata ule mstari wa kimya, hata sababu yake. Kisha nikamwambia sitaandika chochote tena kwenye programu ile mpaka kitufe chekundu kirudishiwe waya.

"Na wakitoka na iliki?"

"Watoke nayo, bosi. Jana kungewaka moto tungekufa wote, na mimi nikiwemo."

Hakukubali mbele yetu. Lakini kabla ya adhuhuri fundi umeme alikuwa juu ya ngazi pale langoni. Mimi nilikaa siku tatu nikiingiza maneno yale ya kwenye katoni, na nikaufuta mstari wa kimya. Kuanzia hapo, programu ikipewa neno isilolijua, ililiacha lango bila kufuli na kuandika wazi kwamba haijaelewa. Simu zikarudi kama zamani, na zaidi. Ilinichukua miezi minane mingine kumfundisha mtu wa kunipokea, na mume wangu alishaacha kuniuliza tarehe. Nilipofika Tabora tulikaa wiki ya kwanza kama wageni, kila mmoja akimwomba mwenzake radhi kwa kupita mlangoni.

Na msimamizi. Wiki ile ile ya kwanza ya Ramadhani nilimfuata akiwa anapima mdalasini, nikamwambia, "Mzee, nisamehe. Nilinyamaza wakati wanakusema."

Hakuinua macho kutoka kwenye mzani.

"Saa nzima, dada. Nilikuwa naihesabu."

"Ulijua?"

"Uliponiuliza, 'Alasiri?', nikaona uso wako umebadilika. Nikasema, huyu kashajua. Nikawa nakusubiri."

Yeye aliandika uzito kwenye daftari, akafunga gunia kwa kamba, akaliinamia.

"Shika huko," akasema.

Nikashika upande wangu, tukalinyanyua.